Maji Kayatoa Wapi

Nilisema "sawa." Nililisema neno hilo nikiwa nimeketi kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni pale Mkomaindo, mchana, nimeshiba, hakuna aliyenishika koo. Mbele yangu alikaa mfanyabiashara aliyekuja Masasi kununua korosho, ambaye huko Dar es Salaam alikuwa pia na mashine ya kuchapa vitabu vidogo vya hadithi, vile vinavyouzwa kwenye stendi za mabasi. Alikuwa amemaliza kuisoma hadithi yangu. Akaweka kiganja juu ya kurasa za katikati, akazifunika zote, akasema, "Hizi toa." Ningeweza kumwambia hapana. Nimekaa na hiyo hapana mdomoni tangu siku ile, na sasa ni mzee, na aliyestahili kuisikia hayupo tena.

Kurasa alizozifunika zilimhusu msichana anayeshuka bondeni kuteka maji. Wakati wa kupanda mtungi wake unavunjika. Anageuka, anashuka tena. Msichana huyo alikuwa dada yangu.

Sisi wa Newala tunakaa juu, mahali penye upepo na udongo unaokubali mikorosho na mihogo, lakini maji yako chini. Bomba lipo, nalo hutoa maji siku mitambo inapopenda. Nilipokuwa mtoto maji yalifuatwa kwa miguu. Mvua zikiwapo tulikinga kwenye mapaa. Kiangazi wanawake walishuka ukingo alfajiri hadi kwenye visima vya kuchimbua mchangani, wakangoja maji yajitokeze kidogo kidogo, wakachota kwa kata, kisha wakapanda na mitungi kichwani.

Kwa sababu hiyo hadithi nyumbani kwetu zilikuwa na sharti. Msimuliaji akisema mke wa mfalme alipika ugali, msikilizaji yeyote, hata mtoto, alikuwa na haki ya kumkatisha: "Maji kayatoa wapi?" Msimuliaji hakukasirika. Alirudi nyuma, akamshusha mke wa mfalme bondeni, akamweka kwenye zamu pamoja na wanawake wengine, akampandisha, ndipo sufuria ikainjikwa. Mjomba wetu mmoja aliwahi kutusimulia habari za jini aliyejenga jumba zima baina ya magharibi na alfajiri. Tukamwuliza udongo wa kuta ulikandwa kwa maji gani. Akafikiri kidogo, akasema jini yule alikuwa na wake wengi. Tukaridhika. Hadithi isiyopita kisimani tuliiita hadithi kavu, na mwenye kuisimulia alichekwa mpaka atoke nje.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikaenda shule, nikafika kidato cha nne, nikawa karani wa ghala la chama cha ushirika Masasi, na huko shuleni na ghalani hakuna aliyeniuliza maji nimeyatoa wapi.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini na mizani zao, chama kikapungukiwa na kazi, nasi makarani tukaambiwa tupumzike kwanza. Maduka yalijaa sabuni na sukari tulizokuwa tumezisahau, mitumba ikatandazwa chini kando ya barabara, na kwenye mabasi kukaanza kuuzwa magazeti mapya yenye hadithi za mapenzi. Nilikuwa na muda mwingi na kalamu. Nikaanza kuandika.

Nilipomweleza dada, alikuwa ameketi uani kwake Newala anamenya mihogo. Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na nilichokijua ni kwamba aliugua homa. Nikasema, shikamoo dada, siku hizi naandika hadithi. Akaitikia marahaba, akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akaniuliza hadithi za nani. Nikasema za kubuni. Akasema basi atanipa moja isiyo ya kubuni. Alizungumza Kimakonde, kama siku zote tukiwa wawili. Kiswahili ninachokiweka hapa ni changu.

Alikuwa ametoka unyagoni karibuni, akasema, mwili wa mwanamke na akili ya mtoto. Mama alikuwa mgonjwa na mtungi wa ndani ulikuwa mtupu. Alfajiri mama akamwita mlangoni, akamwambia neno moja, akamtuma maji. Alishuka. Alingoja zamu yake, akateka, akaanza kupanda. Zaidi ya nusu ya mlima, mahali ambapo mzizi umekatiza njia, mguu uliteleza na mtungi ukapasuka.

"Nikatazama juu, nikaona ni karibu," alisema. "Nikatazama chini, nikaona ni mbali. Nikashuka."

Chini hakuwa na chombo. Mwanamke mmoja wa bondeni, Mmakua asiyemjua, alikubali kumwazima mtungi, lakini akataka aache kitu. Dada alivaa kanga mbili kama wanawake wote. Akaacha ile ya juu, ambayo ndiyo aliyokuwa akiikunja kuwa ngata ya kichwani. Akangoja kisima kijae tena. Akasokota ngata ya majani. Akapanda. Alipofika nyumbani jua lilikuwa utosini na mama alikuwa amekwisha kukata roho.

"Maji yale ndiyo tuliyomwoshea."

Wanawake waliokuja msibani walimwona amechelewa, hana kanga yake ya juu, na mtungi aliobeba si wa nyumba yetu. Walihesabu wenyewe wakapata jibu: binti alikuwa na kijana huko kisimani, mama yake akafa na kiu. Wiki ile ile dada aliurudisha mtungi na kuichukua kanga yake. Kanga ilirudi, jina halikurudi. Aliyekuwa anataka kumposa alinyamaza kimya, na dada akaja kuolewa baadaye sana, na mtu wa mbali ambaye hakuwa amesikia.

Mimi sikuwa nimesikia pia. Nilikula chakula chake miaka yote ile, nikavaa sare ya shule aliyoifua kwa maji yale yale, na sikuwahi kumwuliza. Nikamwomba ruhusa ya kuandika. Akakubali kwa sharti moja.

"Usiniruke. Ukiniandika, nishushe na unipandishe, mara zote mbili. Watu wauone ule mlima."

Nikamwuliza lile neno la mama pale mlangoni. Akasema nitalipata siku nitakayomletea kitabu. "Kwanza nione kama unajua kubeba."

Niliandika kwa bidii ambayo sijawahi kuipata tena. Mkomaindo nilikuwa nimepanga chumba karibu na hospitali, na jioni ndugu wa wagonjwa walikuwa wakipika uji na wali mahali pamoja, kila mmoja na mafiga yake. Nilizoea kukaa nao. Siku moja nikawasomea nilichokiandika ili kupitisha muda, na kesho yake wakanidai niendelee. Walikuwa watu wenye shida zao tayari. Nilidhani watataka mambo ya kuchekesha, nami nilikuwa na kurasa kadhaa za harusi na ngoma, nzuri, zenye vichekesho. Walizisikiliza kwa adabu. Lakini nilipofika kwenye mlima, vijiko vilisimama kwenye vyungu.

Palikuwa na baba mmoja wa Lupaso aliyekuwa akimwuguza mwanawe. Mguu wa mtoto ulikuwa umekataa kupona, na baba alikuwa amemleta, akamrudisha nyumbani, akamleta tena. Aliniomba nirudie pale mtungi ulipovunjika. Nikarudia. Jioni nyingine akaomba tena. Mama mmoja jirani yake akamtania, "Baba, mtungi huo umeuvunja mara ngapi? Utatukosesha maji sote." Wakacheka, naye akacheka. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo:

"Sisikilizi mtungi. Nasikiliza anavyogeuka. Akirudi yule chini, na mimi narudi wodini."

Basi nililijua jibu kabla mfanyabiashara hajaniuliza swali. Nasema hivi ili mtu asinitetee kwamba sikujua. Watu husema wasomaji hupenda kuona mhusika akiteseka, kana kwamba wana roho mbaya. Wale wapika uji hawakuwa na roho mbaya, na mateso walikuwa nayo ya kutosha. Walichokitafuta katika hadithi ni ile saa ambayo mtu ameona juu ni karibu na chini ni mbali, na bado miguu yake inageuka kuelekea chini. Maishani saa hiyo hupita haraka, na mara nyingi haina shahidi. Hadithi huisimamisha tukaitazama. Ukiiondoa, unabaki na mtu aliyepata maji, na mtu aliyepata maji si habari.

Mfanyabiashara alikuja msimu wa korosho. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwepesi wa kucheka. Alinitafuta kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ghalani na naijua korosho nzuri kwa kuishika tu. Nikamsaidia kuchambua magunia, na katika mazungumzo akajua kwamba naandika. Akasoma kwa siku mbili. Alipenda harusi. Alipenda ngoma. Kisha akaweka kile kiganja.

"Bwana karani," akasema, "mtu kanunua kitabu apumzike. Wewe unampandisha mlima na mtungi kichwani. Tena mara mbili."

Nikasema ndivyo ilivyokuwa.

"Najua. Lakini shida watu wanazo nyumbani, za bure. Nani atazinunua? Huu ni wakati wa ruksa, bwana. Waruhusu watu wafurahi."

Akafungua ukurasa mmoja, akaugonga kwa kidole. Kanga aliipenda. Akasema msichana anayerudi nyumbani bila kanga ya juu, hapo msomaji atakaa wima. Ila kumwachia bibi wa bondeni kama rehani ya mtungi ni kuipoteza. "Pale kisimani weka kijana. Kanga mpe yeye, iwe kumbukumbu. Mtungi usivunjike."

Nilimwambia watu wa kwetu watasema. Akaniuliza kama nimetumia jina la kweli. Nikasema hapana, nimebadilisha. "Basi nani atajua?" Nikafikiri kwa kichwa changu cha kidato cha nne, nikaona ni kweli: jina limebadilika, mtu amefichika. Mtu aliyekulia kule juu Newala hakupaswa kufikiri hivyo. Sisi hatumtambui mtu wa hadithi kwa jina. Tunamtambua kwa njia aliyoshukia na kisima alichoteka, na vyote viwili nilikuwa nimeviandika vilivyo.

Hakunilazimisha. Alisema kama sitaki, atanirudishia karatasi zangu na tutabaki marafiki. Nilichokuwa nakitaka ni kuliona jina langu kwenye jalada. Nilikuwa nimekaa nyumbani bila kazi, watu waliokuwa wakinisalimia kwa heshima ghalani wananipita, na nilitaka wanione. Nikasema sawa. Na kijana wa kisimani hakuandikwa na yeye. Nilimwandika mimi, kwa mkono wangu, chumbani kwangu Mkomaindo. Nilimpa shati jeupe na meno mazuri. Nilimwandika vizuri, Mungu anisamehe.

Vitabu vilifika na basi baada ya mvua. Jalada lilikuwa na picha ya msichana aliyepaka rangi midomoni, na chini jina langu. Nilivigawa, vingine vikauzwa stendi, vingine vikapanda Newala kabla yangu bila mimi kujua. Kisha nikamchukulia dada chake.

Alinipokea kama bwana harusi. Alikuwa ametandika mikeka, ameita majirani, amepika. Bintiye, mpwa wangu, alikuwa amekuja na watoto. Miongoni mwa wageni palikuwa na bibi mmoja mzee sana aliyekuwa msibani siku ile ya mama, akiwa tayari mtu mzima, na dada alikuwa amemkalisha mbele kabisa. Nilielewa kwa nini. Alitaka bibi yule ausikie mlima.

Nikaanza kusoma, nikitafsiri kwa Kimakonde palipokuwa pagumu. Harusi, wakacheka. Ngoma, wakapiga makofi. Nilikuwa nimejiandaa kuruka sehemu ya kijana, lakini aliyeruka mlima hana pa kurukia tena. Nikiondoa kijana, msichana alitoka nyumbani na mtungi mtupu na mara akawa jikoni ana maji. Nikasoma hivyo hivyo, nikimruka kijana, nikiharakisha.

Bibi akainua mkono. "Ngoja kidogo, baba. Maji kayatoa wapi?"

Watu wakacheka kwa furaha, wakisikia swali la utotoni. Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye kumbe alikwisha kukisoma kitabu, akasema kutoka nyuma, "Maji ya nini, bibi? Huyu kaenda kisimani kwa mambo yake. Mwambie mjomba afungue ukurasa aliouruka, kuna kijana ana shati jeupe." Kicheko cha pili kilikuwa tofauti na cha kwanza. Kilianza, kikamtazama dada, kikafa.

Dada hakupandisha sauti. "Soma, mdogo wangu," akasema. "Nataka kusikia kanga yangu niliiacha wapi."

Nikasoma. Ningeweza kukifunga kitabu, ningeweza kuanguka kifudifudi mbele yake. Nilisoma mpaka kanga ikakabidhiwa. Bibi mzee akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa na shaka ya siku nyingi na sasa ameondolewa shaka. Akasema, bila ubaya wowote, "Kumbe ilikuwa kweli." Na dada akasema, "Ndiyo, bibi. Imechapwa." Akainuka akaenda kuwapakulia watu chakula, na hakuna aliyekosa kupewa maji ya kunawa.

Alichoniambia wageni walipoondoka kilikuwa kifupi. Hakunitukana. Alisema maneno ya wanawake wale alikuwa ameyavumilia kwa sababu ni maneno, na maneno huzeeka na wenyewe. "Wewe umewapa neno lililochapwa, watazikwa wao na lenyewe litabaki." Sikumwuliza lile neno la mama. Nilijua sina haki.

Yaliyofuata yalikuwa madogo madogo, na ndiyo yaliyomwuma. Bomba likikauka, wanawake hupanga madumu kwa wauza maji wa baiskeli, na kwenye foleni hiyo walianza kumtania, wengine kwa upendo, kwamba asihangaike, aende kisimani kwake kwenye shati jeupe. Wajukuu walirudi na wimbo kutoka shule. Mpwa wangu alipigana na mtu sokoni, mwanamke mzima na mtoto mgongoni. Dada akaacha kwenda foleni, akaacha kwenda ngomani. Akaacha pia kusimulia. Jioni watoto wakimwomba hadithi aliwatuma wakalale.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara alipokuja tena, nikamwambia nataka kuchapa upya na mlima wake. Akanihurumia kweli. Akasema kitabu kimeuzwa vizuri kule pwani, na kwamba hakuna anayechapa upya kitabu ili kukiongezea shida. Nikamshukuru kwa chai, nikaondoka. Njiani kuelekea stendi nikaamua kwamba kilichoharibiwa kwa kalamu nitakitengeneza kwa miguu na mdomo.

Kwanza nilishuka. Nilinunua dumu, nikaenda kwenye njia ile ile, asubuhi, pamoja na wanawake, kwa maana bomba lilikuwa limekufa na bonde lilikuwa na watu kama zamani. Mwanamume anaweza kuuza maji kwa baiskeli barabarani, lakini kuyabeba kichwani kwenye mlima ule hakuna aliyewahi kumwona. Waliniita kila jina. "Shemeji, mkeo kakufukuza?" "Muacheni, anatafuta mke wa pili, anaonyesha nguvu." Mmoja akanisokotea ngata, akaniwekea kichwani, akarudi nyuma kunitazama kama fundi anayetazama ukuta uliopinda.

Niliandika kurasa zile bila kuwahi kubeba hata kikombe kwenye mlima. Sasa nilijifunza. Kichwa hakiumi, inauma shingo, chini, karibu na mabega. Huwezi kuitazama miguu yako, kwa hiyo lazima uikumbuke njia. Maji yanapiga kuta za chombo kwa mwendo wao wenyewe, na usipoufuata yanakusukuma. Pale kwenye mzizi nilimwaga nusu. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walisimama, hawakutania, wakangoja waone nitafanya nini. Nikatazama juu, ni karibu kweli. Nikatazama chini. Nikashuka tena, nikateka, nikapanda, nikafika mchana, nikayamimina maji yale kwenye pipa la dada. Aliniangalia. Hakuyamwaga.

Nikaandika upya. Mlima ulioandikwa kwanza ulikuwa na miiba mingi na machozi. Huu wa pili haukuwa na machozi. Ulikuwa na shingo, mzizi, ngata ya majani, mwanamke Mmakua na mtungi wake, na zamu ya kungoja mchanga utoe maji. Nilinakili kwa mkono, nikapanda baiskeli, nikaanza kukifuata kitabu kila kilikofika. Siku za soko nilikwenda Lisekese, nikasimama kando ya wauza dagaa, nikasoma. Nilikwenda Lupaso, na kule nikamkuta yule baba wa hospitali. Mwanawe alikuwa akitembea kwa fimbo, akaniletea kiti na kuwaita watu yeye mwenyewe. Newala nilisoma mara nyingi kuliko kwingine kote. Kila mahali nilianza kwa kusema kitabu kile ni changu na kina uongo, na uongo ni wangu, na huu hapa ni mlima nilioufuta.

Watu walinisikiliza. Watu wa kwetu hawachoki na mlima. Wengi walikuja kunishika mkono. Lakini wapo walioniuliza kwa upole kama haya ninayosoma yamechapwa. Nikisema hapana, waliitikia kwa kichwa, wakaenda zao. Nilifanya kazi ile kwa miaka, msimu wa kilimo na msimu wa korosho, hata nilipopata tena kazi ndogo ya kupima mizigo kwa wanunuzi. Bado naifanya. Kijana akinikuta na kuniuliza hadithi nzuri inaandikwaje, namwambia ashuke kwanza.

Dada alikubali kuisikia alipokuwa tayari mgonjwa wa kitandani. Yeye ndiye aliyeagiza niitwe, na bibi mzee abebwe aletwe. Nilisoma nikiwa nimeketi chini karibu na kitanda chake. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho. Mahali pamoja tu alinikatisha.

"Mzizi ulikuwa mkono wa kushoto."

Nikasahihisha pale pale. Nilipomaliza, bibi alikuwa analia. Akamwita dada kwa jina lake la utotoni, akamwomba radhi mbele yetu kwa maneno ya siku ya msiba. Dada akampa radhi. Mpwa wangu akatoka nje.

Tulipobaki wawili nikakusanya ujasiri, nikamwambia nimeleta, dada, nimeleta sasa, japo si kitabu. Akajua nataka nini. Alininyoshea mkono, nao ulikuwa mwepesi.

"Umebeba vizuri," akasema. "Lakini umechelewa, mdogo wangu. Lile neno nilikuwa nimekuwekea. Siku ile uliposoma habari ya kanga, nililifunga. Nimejaribu kulifungua, halifunguki."

Sikumlazimisha. Alifariki kabla mikorosho haijatoa maua. Tulimwosha kwa maji ambayo niliyapandisha mwenyewe kutoka bondeni.

Kukubali kule kulinigharimu hivi. Dada yangu aliishi miaka yake ya mwisho bila jina zuri, na alipolipata tena hakuwa na muda wa kulitumia. Na mama yangu, ambaye sikumbuki hata sauti yake, alisema neno moja mlangoni alfajiri ya siku aliyokufa, na katika dunia hii hakuna tena anayelijua.